Filamu Ikipanda Jukwaani, Watazamaji Hugombania Nini?

SWALI: Mimi na kaka yangu tumeipenda filamu ya Back to the Future, ile ya kijana anayerudi zamani kwa gari la kusafiria wakati, tangu utotoni, kiasi kwamba tunaweza kuyasema maneno ya wahusika kabla wao hawajayatamka. Hivi karibuni tulikwenda kuitazama ikiwa tamthilia ya muziki katika ukumbi wa Adelphi, London. Mimi nilitoka nikiwa na furaha tele, naye akatoka amenuna. Anadai kwamba watu wasioijua filamu wameivuruga, maana wale magaidi Walibya wanaompiga risasi Doc, mwanasayansi mzee mwenye gari hilo, hawamo tena. Kwamba wazalishaji wa siku hizi ni wavivu wasioweza kubuni hadithi mpya. Na kwamba nyimbo zimebandikwa tu. Tunabishana hadi leo. Nani kati yetu mwenye haki? Na je, inafaa mtu aitazame upya filamu kabla ya kwenda ukumbini?

JIBU: Dada msomaji, kaka yako ametoa mashtaka matatu, na baada ya kuyapima moja moja naona amekosea katika mawili na amepatia katika moja. Hilo moja, kwa bahati mbaya yako, ni zito kuliko yale mawili yakiwekwa pamoja.

Shtaka la kwanza halisimami kabisa. Hati ya tamthilia hiyo iliandikwa na Bob Gale, ambaye ndiye aliyeandika mswada wa filamu ya 1985 pamoja na mwongozaji Robert Zemeckis, na nyimbo zake mpya zilitungwa na Glen Ballard akishirikiana na Alan Silvestri, mtunzi yule yule wa muziki wa filamu. Mwenye shamba ndiye aliyeng'oa mche. Sisi wapita njia tunaweza kuusikitikia, lakini hatuwezi kudai kwamba mwizi ameingia shambani. Badala ya kupigwa risasi, Doc wa jukwaani anadhurika kwa mionzi ya nyuklia, na ukilitazama badiliko hilo kwa jicho la fundi utaona kwamba kilichobadilishwa ni sababu ya tukio tu, ilhali fundo la hadithi limebaki palepale: mzee yumo katika hatari ya kufa, kijana anakimbilia gari, na saa zinarudi nyuma hadi 1955. Kwa maoni yangu badiliko hilo limeiokoa tamthilia na matatizo mawili kwa mpigo, yaani ugumu wa kuonyesha msako wa magari na risasi katika eneo la mita chache, na ule mzaha juu ya Walibya ambao mwaka 1985 ulipita bila kelele lakini leo ungewafanya watazamaji wengi wajikunyate vitini.

Shtaka la pili, lile la uvivu wa siku hizi, husemwa na watu wengi, na kinacholivunja ni historia yenyewe. Tamthilia za muziki zimekuwa zikichota hadithi kutoka sinema kwa miongo mingi. Silk Stockings ya 1955 ilitokana na filamu ya Ninotchka ya 1939. Promises, Promises ya 1968 ilitokana na The Apartment ya 1960. Applause ya 1970 ilitokana na All About Eve ya 1950, A Little Night Music ya 1973 ilitokana na filamu ya Ingmar Bergman ya 1955, na Nine ya 1982 ilitokana na 8½ ya Federico Fellini. Billy Wilder peke yake, ukihesabu filamu alizoziongoza na zile alizoshiriki kuziandika, amewalisha watunzi wa Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia za New York, kwa zaidi ya nusu karne.

Swali lenye maana zaidi, basi, ni kwa nini zamani hizo mabishano kama yenu hayakuwa makali. Nadhani zipo sababu mbili, na zote zinakuhusu wewe na kaka yako moja kwa moja. Ya kwanza ni namna filamu ilivyokuwa ikitazamwa. Mtu aliyeiona The Apartment sinemani mwaka 1960 aliiona mara moja, pengine mbili, kisha ikaondoka. Alipoketi kuitazama Promises, Promises miaka minane baadaye alibaki na kumbukumbu ya hadithi, sura za waigizaji na vichekesho vichache. Filamu ya 1985 ilikuja wakati kanda za video zilikuwa zimekwisha kuingia majumbani, na watoto wa wakati huo hawakuitazama filamu bali waliihifadhi kama mashairi, pamoja na vituo vyake, pumzi zake na namna mwigizaji alivyoinua nyusi kabla ya kujibu. Nyinyi wawili mnayasema maneno kabla ya wahusika. Mtazamaji wa namna hiyo huingia ukumbini akiwa na onyesho jingine kamili kichwani mwake, na waigizaji wa jukwaani hulazimika kushindana nalo usiku kucha bila ya kuliona.

Sababu ya pili ni jina. Ukirudia ile orodha niliyoitaja hapo juu utagundua kwamba karibu kila tamthilia ilibadilishwa jina, na kubadilisha jina kulikuwa kama kumwambia mtazamaji kwamba hiki ni kitu kingine, kipime kwa mizani yake. Filamu ya Some Like It Hot ya 1959 inalionyesha hili vizuri, kwa sababu imepanda Broadway mara mbili: mwaka 1972 iliitwa Sugar, na mwaka 2022 ikarudi kwa jina lake lenyewe la filamu. Leo jina ndilo linalouza tiketi, maana onyesho kubwa la Broadway hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na mwekezaji hupata usingizi zaidi akijua kwamba mnunuzi wa tiketi tayari anaijua bidhaa. Lakini jina ni ahadi. Ukiandika Back to the Future juu ya mlango, umemwahidi kaka yako kila kitu alichokiona utotoni, na akikosa hata kimoja atadai fidia.

Ahadi ya jina huleta pia hadhira ambayo onyesho halikuandaliwa kwa ajili yake. Mary Poppins iliyofunguliwa London mwaka 2004 ilibeba nyimbo maarufu za filamu ya 1964, ila ilisogea karibu zaidi na vitabu vya P. L. Travers, ambavyo vina ukali usiokuwamo katika filamu. Kulikuwa na sehemu ambayo vitu vya kuchezea vinakua vikubwa na kuwashitaki watoto waliovitendea vibaya. Wazazi waliokuja na watoto wadogo wakitarajia utamu wa filamu walijikuta na watoto wanaolia, ukumbi ukaweka sharti la kutoruhusu watoto wa chini ya miaka 3, na baadaye sehemu hiyo ikabadilishwa na nyingine iliyo laini zaidi. Mimi binafsi naisikitikia ile ya mwanzo.

Sasa tufike kwenye shtaka la tatu, lile la nyimbo kubandikwa. Hapa naomba umsikilize kaka yako vizuri, hata kama alilisema kwa hasira.

Katika tamthilia ya muziki mhusika huimba pale maneno ya kawaida yanapomshinda. Wimbo ukija kabla ya hapo, yaani wakati mhusika bado anaweza kusema jambo lake kwa sentensi mbili, hadithi husimama na mtazamaji huanza kuhesabu taa za darini. Filamu haihitaji msaada huo, kwa sababu ina picha ya karibu: kamera husogea usoni, macho hulowa, na mtazamaji wa safu ya mwisho huona kila kitu bila neno kutamkwa. Jukwaani hakuna kamera, uso wa mwigizaji ni kitu kidogo sana kwa aliyeketi ghorofani, na kazi ile ya kumfikisha mtazamaji moyoni mwa mhusika hufanywa na wimbo. Ndiyo maana filamu zenye ukimya mwingi, ambazo mtu angedhani hazifai kabisa kuimbwa, zimetoa baadhi ya tamthilia bora za miaka ya karibuni. Once, filamu ndogo ya 2007 kutoka Ireland, ilifika Broadway mwaka 2012 na kupata tuzo 8 za Tony, zitolewazo kwa maonyesho ya Broadway. The Band's Visit, filamu ya Israeli ya mwaka huo huo wa 2007 kuhusu bendi ya polisi ya Wamisri iliyopotea njia ikalala usiku mmoja katika mji usio na jambo, ilipata 10 mwaka 2018. Wahusika wa filamu hizo wana mengi wasiyoyasema, na watunzi walipata mahali pa kuyaweka.

Back to the Future ni kinyume chake. Mswada wake umekazwa kama saa ya mkononi, kila neno la nusu saa ya kwanza linalipwa baadaye, na hakuna mhusika anayebaki na jambo moyoni kwa zaidi ya dakika moja kabla hajalisema au kulitenda. Ukiisimamisha saa ya namna hiyo ili mtu aimbe kuhusu ndoto zake, unaisikia ikikwama. Nyimbo zinazokaa vizuri zaidi katika tamthilia hiyo, kwa sikio langu, ni zile zilizokuwa tukio katika hadithi tangu filamu, kama Johnny B. Goode ya kwenye dansi la shule, pamoja na zile za George, baba mwoga wa kijana, kwa sababu mtu mwoga ana mengi asiyothubutu kuyasema. Nyingine nyingi zinachangamsha bila kuongeza. Wewe ulichangamka, naye akaona hakuna kilichoongezwa, na nyote wawili mlikuwa mnasema kweli kuhusu dakika zile zile.

Kuhusu hiyo picha ya karibu, kuna mwongozaji mmoja aliyeamua kuihamishia jukwaani waziwazi. Sunset Boulevard, filamu nyingine ya Wilder, ya 1950, ilifanywa tamthilia ya muziki na Andrew Lloyd Webber mwaka 1993, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa jumba lake la kifahari na ngazi yake kubwa. Mwaka 2023 Jamie Lloyd aliiongoza upya London, akaondoa jumba, akaondoa ngazi, akaacha jukwaa karibu tupu, kisha akaleta kamera zilizofuata nyuso za waigizaji na kuzitupa kwenye skrini kubwa juu yao. Kwa hadithi ya nyota wa sinema aliyesahaulika ambaye hamu yake kuu ni kurudi mbele ya kamera, naona ulikuwa uamuzi wa mtu aliyeisoma kazi hadi mstari wa mwisho. Waliokwenda kuiona ngazi, hata hivyo, hawakuikuta, na wengi wao hawajasamehe. Ilipofika Broadway ilipata tuzo ya Tony ya onyesho bora lililofufuliwa, mwaka 2025, jambo ambalo halikuwanyamazisha.

Mnapobishana juu ya kipi kinaruhusiwa kubadilishwa, mkumbuke The Lion King. Filamu ilitoka 1994, na Julie Taymor alipoipandisha Broadway mwaka 1997 hakujaribu kuwaficha watu ndani ya wanyama. Vinyago vilikaa juu ya vichwa vya waigizaji huku nyuso zao zikionekana, swala walishikwa mikononi mwa wachezaji, na Rafiki, aliyekuwa mwanamume katika filamu, akawa mwanamke. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko kuondolewa kwa Walibya, lakini onyesho hilo limeendelea Broadway tangu hapo, ukiacha vipindi kama kile cha kumbi zote kufungwa kwa janga la korona. Linganisha na The Little Mermaid ya mwaka 2008, ambayo ilitaka kuonyesha kuogelea kwa kuwavisha waigizaji viatu vya magurudumu. Ilifungwa mwaka uliofuata, na viatu vile bado ni mzaha miongoni mwa wapenda jukwaa. Mtazamaji humsamehe anayekiri mbele yake kwamba hapa hakuna simba, tusaidiane kumwona. Anayemwigizia bahari na kushindwa, hamsamehi. Gari lenu la DeLorean lilichagua njia ya hatari, ile ya kuiga filamu kabisa hadi kuruka juu ya vichwa vya watu, na lilifaulu. Lisingefaulu, ungetoka umenuna na wewe.

Usidhani kwamba hukumu ya ukumbi mmoja ni hukumu ya watu wote. Tamthilia mliyoiona ilipata tuzo ya Olivier, ile ya kumbi za London, ya tamthilia mpya bora ya muziki mwaka 2022, ilhali huko Broadway iliteuliwa kuwania tuzo mbili tu za Tony na ikafungwa Januari 2025 baada ya takriban mwaka mmoja na nusu. Legally Blonde, kutoka filamu ya 2001, haikuteuliwa hata kuwania Tony ya tamthilia bora ya muziki ilipofika Broadway mwaka 2007, kisha London wakaipa Olivier ya aina hiyo hiyo mwaka 2011. Carrie, iliyofika Broadway 1988 baada ya riwaya ya Stephen King na filamu ya 1976, ndiyo iliyokithiri: usiku mmoja na ukumbi mmoja, watu walizomea na wengine wakasimama kushangilia, na onyesho likafungwa baada ya siku chache tangu uzinduzi.

Na wakati mwingine kinachogombaniwa si onyesho lenyewe bali ni haki za aliyelipa kiti. The Bodyguard, iliyotokana na filamu ya 1992, ina nyimbo ambazo kila mtu anazijua, na mwezi Aprili 2023 mjini Manchester onyesho lilikatishwa karibu na mwisho kwa sababu baadhi ya watazamaji waling'ang'ania kuimba I Will Always Love You kwa sauti za kumfunika mwigizaji, huku wenzao wakiwataka wanyamaze. Anayeimba anasema wimbo ni wake tangu 1992, na jirani yake anasema hakulipa ili amsikilize yeye. Nipo upande wa jirani, na sioni haya kusema hivyo, ila namwelewa anayeimba: jina la filamu lilimwita kama mwenye nyumba, akaingia kama mwenye nyumba.

Ukumbi uliokuwa ukionyesha Billy Elliot, London, uliwahi kumaliza jambo la aina hii kwa njia ambayo sijaiona tena. Tamthilia hiyo, kutoka filamu ya 2000, inahusu mgomo wa wachimba makaa wa 1984 na 1985, na ina wimbo unaomkejeli Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati wa mgomo huo, na kutazamia kifo chake. Tarehe 8 Aprili 2013 Thatcher alifariki, na jioni hiyo hiyo kulikuwa na onyesho. Watazamaji waliulizwa wapige kura kama wimbo uimbwe au uachwe. Uliimbwa, kwa kura nyingi mno.

Kwa nini basi mtazamaji yule yule hukubali jukwaani jambo ambalo angelikataa katika filamu, na kinyume chake? Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Little Shop of Horrors. Ilianza kama filamu ya gharama ndogo ya Roger Corman mwaka 1960, ikafanywa tamthilia ya muziki na Howard Ashman na Alan Menken mwaka 1982, na katika tamthilia hiyo mmea mla watu unawameza wapenzi wawili tuliokuwa tukiwaombea heri tangu mwanzo. Watazamaji wa New York waliucheka mwisho huo na kuushangilia kwa zaidi ya miaka mitano. Frank Oz alipoirudisha kwenye filamu mwaka 1986 alipiga picha mwisho ule ule, akawaonyesha watazamaji wa majaribio, nao wakauchukia kiasi kwamba ilibidi upigwe upya na wapenzi wakaachwa hai. Hadithi ni moja, nyimbo ni zile zile, na ladha ya watu haikuwa imebadilika kwa miaka minne. Maelezo ambayo Oz mwenyewe amekuwa akiyatoa ni mepesi na naamini ni ya kweli: jukwaani, aliyeliwa na mmea hurudi dakika mbili baadaye, anainama mbele yetu akitabasamu na tunampigia makofi, lakini katika filamu aliyekufa amekufa. Mwisho ule wa awali ulitolewa hadharani mwaka 2012, na sasa waupendao na wauchukiao wanaendelea kubishana kama nyinyi.

Nakuja kwa swali lako la pili, ambalo jibu lake ni fupi. Asiyeijua filamu aende ukumbini kwanza, kwa kuwa filamu itamngoja bila kubadilika na onyesho halitamngoja. Anayeijua kwa moyo, kama kaka yako, asiitazame katika wiki ile ya kwenda ukumbini, maana atakuwa anajinolea kisu cha kumchinjia mwigizaji. Mkiwa mnatafuta tamthilia nyingine ya kwenda pamoja, chagueni iliyotokana na filamu ambayo wewe unaijua na yeye haijui, halafu mwache yeye ndiye aseme kwanza mkitoka.